Tyubu ya Dawa ya Macho: Lini Inafaa, Lini Haifai

Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na kaunti jirani za Pwani. Wagonjwa wengi walikimbilia kemisti kuulizia dawa ya tyubu. Lakini ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na dawa hiyo haiui virusi.

Tyubu inayozungumziwa hapa ni ile ndogo ya tetrasaiklini ya asilimia 1, inayopatikana katika zahanati na vituo vya afya. Ni dawa ya kuua bakteria. Mahali inapostahili, huokoa macho. Mahali isipostahili, humpa mgonjwa matumaini ya bure huku jicho likizidi kuharibika.

Umuhimu wake mkubwa uko katika chumba cha kujifungulia. Mama anaweza kuwa na kisonono au klamidia bila dalili yoyote, na mtoto akaambukizwa machoni anapopita njia ya uzazi. Kisonono kikiingia jicho la mtoto mchanga kinaweza kutoboa kioo cha mbele cha jicho na kumpofusha katika siku chache tu. Ndiyo maana mkunga humfuta mtoto macho na kumtia dawa hiyo macho yote mawili, mara moja, mapema baada ya kuzaliwa. Watoto wote hutiwa. Mama asione haya wala asidhani ameshukiwa jambo. Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Mtoto wa siku tatu au nne anavimba macho na kutoa usaha, halafu jirani anashauri atiwe maziwa ya mama, au tyubu iliyobaki kwa ndugu yake mkubwa. Maziwa hayatibu jicho. Na kwa mtoto wa chini ya siku 28 mwenye usaha machoni, hata tyubu yenyewe haitoshi: anahitaji dawa ya sindano hospitalini, na mama na baba nao watibiwe. Hiyo ni dharura, isingoje kliniki ya Jumatatu.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima, tongotongo ndizo zinazosema mengi. Usaha mzito wa manjano au kijani, unaorudi kila ukipanguswa, mara nyingi ni wa bakteria, na hapo tetrasaiklini husaidia. Jicho linalotoa maji mepesi, likiandamana na mafua, aghalabu ni virusi. Hupona lenyewe kwa wiki moja au mbili. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi hupunguza maumivu. Macho yote mawili yakiwasha sana, hasa msimu wa vumbi, huenda ni mzio. Dalili hizi huingiliana, kwa hiyo ni vyema mhudumu wa afya alitazame jicho kabla ya dawa kununuliwa.

Katika kaunti kame kama Turkana, Baringo na Narok kuna trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Bakteria wake huenezwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongotongo. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho hadi lipofuke. Kwa kawaida hutibiwa kwa azithromaisini ya kumeza, ila watoto wa chini ya miezi 6 hupewa tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Wiki sita ni nyingi, na wazazi wengi huacha pindi uso unapotakata. Wasiache.

Kutia dawa si kazi ngumu. Osha mikono kwa sabuni. Pangusa tongotongo kwa kitambaa safi, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Vuta kope ya chini polepole mpaka kifanyike kijimfuko, kisha kamulia humo uzi mwembamba wa dawa wa karibu sentimita moja. Ncha ya tyubu isiguse jicho wala kidole. Mgonjwa afumbe macho kwa dakika moja. Ataona ukungu kwa muda, basi asipande bodaboda kuiendesha hadi uishe. Siku zilizoandikwa zikamilishwe, na kama hakuna nafuu baada ya siku mbili au tatu, arudi kituoni.

Kuna tyubu zinazofanana na hii lakini zimechanganywa na steroidi, kama deksamethasoni au betamethasoni. Hizo hufanya wekundu upungue haraka, na ndiyo hatari yake: kama jicho lina kidonda cha virusi au kuvu, kidonda huendelea kula chini kwa chini. Zisitumiwe bila agizo la daktari.

Jicho lenye maumivu makali, linaloona hafifu, lisilostahimili mwanga, lenye doa jeupe, au lililochomwa na mwiba au kemikali, lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. La kemikali lioshwe kwanza kwa maji mengi safi kwa nusu saa.

Tyubu ikifunguliwa, andika tarehe juu yake. Baada ya siku 28 itupwe, hata ikiwa imebaki nusu, na kila mgonjwa awe na yake.