Mkate, Daftari na Misingi Saba

Agosti 1939 Alfred Tarski, mwanamantiki wa Warsaw, alisafiri kwenda Marekani kuhudhuria mkutano. Vita vilipozuka Septemba hakuweza kurudi. Mkewe na watoto wao wawili walimfuata mwaka 1946. Andrzej Mostowski, aliyekuwa mwanafunzi wake, alibaki Poland akifanya kazi ya kutunza hesabu za kiwanda na kufundisha katika chuo kikuu cha siri. Baada ya uasi wa Warsaw wa 1944 ilimbidi atoroke, achague daftari la utafiti wake au mkate. Alichukua mkate. Baadhi ya utafiti huo aliuunda upya baadaye, mwingi ulipotea.

Kabla ya kutengana, wawili hao walikuwa wakichunguza nadharia zisizoamulika, yaani zile ambazo hakuna utaratibu wa kimashine uwezao kujibu, kwa hatua zenye kikomo, kama kauli yoyote tuitakayo inathibitika humo au la. Matokeo yao yalitangazwa kwa muhtasari mwaka 1949. Mwaka uliofuata Raphael Robinson wa Berkeley, alikokuwa akifundisha Tarski, alirahisisha jambo hilo kwa nadharia ya hesabu yenye misingi saba tu, iitwayo Q. Nadharia hii ni dhaifu ajabu: inathibitisha kwamba 2 + 3 = 5, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba x + y = y + x kwa kila x na y! Hata hivyo Q haiamuliki, wala nadharia yoyote isiyojipinga inayoipanua.

Uchache wa misingi una faida gani? Misingi saba huweza kuunganishwa kwa neno "na" ikawa kauli moja, K. Chukua nadharia T ya lugha ileile, ambayo ikiwekwa pamoja na K haijipingi. Tuseme T inaamulika. Basi, ili kujua kama kauli S inatokana na T pamoja na K, tungeuliza tu kama T inathibitisha "ikiwa K, basi S". Hivyo T pamoja na K ingeamulika. Lakini hiyo inaipanua Q, nayo haiwezi kuamulika. Kwa hiyo T haiamuliki.

Njia hii imo katika kitabu cha watatu hao, kilichotolewa Amsterdam mwaka 1953, wakati Mostowski akifanya kazi Warsaw na wenzake California.

Zoezi: T ikiwa haina msingi wowote ila kanuni za mantiki, tunapata nini? Alonzo Church alilifikia jibu kwa njia nyingine mwaka 1936.