Kioo kikizima ghafla

Swali: Kioo cha kompyuta mpakato yangu huzima ghafla huku feni ikizunguka. Fundi anasema kadi ya video imekufa. Nilipie?

Jibu: Usitoe hela bado, ndugu yangu. Kikizima, mulika kioo kiubavu kwa tochi ya simu. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo. Shida ni taa ya nyuma au waya wake. Kisha unganisha tivii kwa HDMI: ikiendelea kuonyesha, kadi huwa nzima. Sasa inua mfuniko polepole. Picha ikikatika kila mara kwenye pembe ileile, waya mwembamba unaopita kwenye bawaba umechoka, na bei yake haifiki ya kadi hata kidogo. Tivii nayo ikizima, hasa mashine ikichemka, fundi ana hoja. Hata hivyo, asafishe kwanza vumbi la feni.