Maziwa ya Soya na Maziwa ya Ng'ombe: Lishe na Sumukuvu

Uyole ni mji wa maziwa. Hapa ndipo kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI). Hata hivyo, soya nayo hustawi Nyanda za Juu Kusini, na zipo kaya zinazoilowesha, kuisaga, kuichuja na kunywa tui lake badala ya maziwa ya ng'ombe.

Kwa protini, vinywaji hivi viwili hukaribiana: takribani gramu 3 katika kila mililita 100, iwapo tui la soya halikuzidishiwa maji. Tofauti kubwa ipo kwenye kalisi inayojenga mifupa. Maziwa ya ng'ombe yana miligramu 120 hivi katika kipimo hicho. Soya ya nyumbani haifikii hata robo yake. Vitamini B12 haimo kabisa katika soya. Aidha, tui hilo lazima lichemke vizuri, kwani soya mbichi ina viambata vinavyozuia mwili kumeng'enya protini.

Kuchemsha maziwa ya ng'ombe huua vimelea vya brusela na kifua kikuu. Sumukuvu haiuawi hivyo. Sumu hii hutokana na kuvu waotao kwenye mahindi, karanga na mashudu ya alizeti yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ng'ombe akila pumba au mashudu ya namna hiyo, sehemu ya sumu hubadilika mwilini mwake na kutokea katika maziwa ndani ya siku moja. Mnywaji haioni wala haionji. Mwaka 2016, sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu wapatao 20 mikoani Dodoma na Manyara.

Anayekimbilia maziwa ya karanga hajaikwepa hatari hiyo, maana karanga hushambuliwa kwa urahisi kuliko soya. Kinga huanzia ghalani: chakula cha mifugo kikaushwe, kiwekwe juu ya chaga, na kilichoota ukungu kisipewe ng'ombe, hata kama bei ya mashudu inauma. Ng'ombe aliyechomwa dawa ya antibayotiki asikamuliwe kwa ajili ya kuuza hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Afisa Mifugo wa Kata huelekeza.

Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa maziwa ya mama pekee, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja, soya ya nyumbani haiwezi kushika nafasi ya maziwa hayo.