SOMO: KUCHORA INCHI YAKO



Tuangalie inchi ndogo ya Denmark. Mwaka 1807 Waingereza walipiga mji wa Copenhagen kwa mabomu. Mwaka 1813 serikali ilifilisika, na 1814 ikapoteza Norwe. Watu wakajiuliza: sasa sisi ni nani?

Wachoraji walisaidia kujibu. Mwalimu Eckersberg alitoa wanafunzi wake inje ya darasa, wachore miti na mawingu kama macho yanavyoona. Mwaka 1844 mwalimu Høyen akawahimiza wachoraji wachore inchi yao na watu wao.

Kule hakuna kilima hata kimoja chenye kufika mita 200. Lakini Lundbye alichora vile vilima vidogo, ngombe, na makaburi ya mawe ya wazee wa zamani. Vita ya 1848 ilipoanza aliingia askari, akafa kwa ajali ya bunduki, miaka 29 tu. Michoro yake ingali inatunzwa.

Basi tusiseme: kwetu hakuna kitu cha kuchora. Mwenye kuchora jani moja vizuri anapashwa kuliangalia sana, na kitu ulichoangalia sana hutakizarau tena. Jumamosi tushike kreyo, twende mtoni.