Kabla Hujang'oa Dirisha la Nyumba ya Kale

Ukinunua au kupanga nyumba kongwe wilayani Cotswold, Uingereza, usidhani sheria inalinda majengo mashuhuri tu kama Arlington Row, ile safu ya nyumba za mawe kijijini Bibury. Hiyo ni ya daraja la I katika orodha ya majengo yanayolindwa. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyoorodheshwa nchini England ni ya daraja la II, na mengi ni makazi ya watu wa kawaida.

Kinacholindwa si sura ya mbele peke yake. Jengo huorodheshwa lote, nje na ndani: ngazi, milango, plasta, meko ya ukutani, hata kama orodha haikuvitaja. Banda la uani lililojengwa kabla ya Julai 1948 nalo linaweza kuingia katika ulinzi huo.

Kwa sheria ya 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa, kubomoa jengo la aina hiyo, au kulibadilisha kwa namna inayogusa thamani yake ya kihistoria, bila kibali ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 2, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kusema hukujua hakukuokoi. Fundi naye hushtakiwa, sawa na aliyemtuma kazi.

Linaloniuma zaidi ni la mnunuzi. Halmashauri haibanwi na muda wa kuchukua hatua. Madirisha ya plastiki aliyoweka mwenye nyumba wa zamani, hata miaka 20 iliyopita, yanaweza kukuletea wewe ilani ya kuyaondoa. Hutashtakiwa kwa kosa lake, ila gharama ni zako. Basi kabla ya kutia saini, mwambie wakili adai vibali vya kila badiliko lililofanyika.

Nawe una haki zako. Kuomba kibali hakuna ada. Halmashauri kwa kawaida hujibu ndani ya wiki 8. Ikikataa, una miezi 6 ya kukata rufaa. Ilani ya kurekebisha ni kali zaidi: rufaa lazima iwasilishwe kabla ya tarehe ya ilani kuanza kutumika, kwa hiyo usiifungie kabatini.

Ukarabati mdogo, kwa vifaa na ufundi uleule wa awali, mara nyingi hauhitaji kibali. Hata hivyo mwandikie kwanza ofisa wa uhifadhi wa halmashauri, na jibu lake ulitunze. Paa likitishia kuanguka usiku, sheria inakuruhusu kufanya kile tu kinachohitajika kuokoa watu au jengo. Ila iarifu halmashauri kwa maandishi mapema iwezekanavyo, ukieleza kwa nini hukuweza kusubiri.