Hekalu la Kigiriki na Istilahi Zake: Lugha ya Seremala Katika Jengo la Mawe

Utangulizi

Neno la Kigiriki lililozaa jina la msanifu majengo katika lugha nyingi za Ulaya ni arkhitekton. Limeundwa kwa sehemu mbili: arkhi, yaani mkuu, na tekton, yaani seremala au fundi wa kujenga. Kwa asili ya neno, basi, msanifu ni mkuu wa maseremala. Jambo hili huenda likamshangaza msomaji, kwa kuwa majengo yaliyowapa Wagiriki wa kale sifa duniani ni ya mawe. Makala haya yanaeleza sehemu kuu za hekalu la Kigiriki, maana za majina yake, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuzitaja. Hoja kuu ni kwamba nyingi za istilahi hizi zilitokana na maneno ya kawaida, na mfasiri anayezitohoa zote kwa kufuata sauti tu huipoteza maana iliyomo.

Kutoka mti hadi jiwe

Mahekalu ya awali ya Wagiriki yalijengwa kwa mti na matofali ya udongo mbichi. Katika karne ya 7 K.K., jiwe lilianza kushika nafasi ya mti. Mfano unaotajwa mara nyingi ni hekalu la Hera kule Olympia, lililojengwa mnamo 600 K.K. Inaaminika kwamba nguzo zake za mti zilibadilishwa kwa mawe moja baada ya nyingine, kila moja kwa mtindo wa wakati wake. Ndiyo sababu vichwa vya nguzo hizo havifanani. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 B.K., alieleza kuwa nguzo moja ya mwaloni ilikuwa ingali imesimama katika ukumbi wa nyuma.

Sehemu za hekalu

Hekalu la Kigiriki halikuwa mahali pa waumini kukusanyika. Lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu, na madhabahu ya kafara yalikuwa nje. Maana hii imo katika jina la chumba kikuu, naos, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukaa. Kwa hiyo, maskani ni neno lililo karibu nalo zaidi kuliko chumba. Mbele ya naos palikuwa na pronaos, yaani ukumbi wa mbele. Nyuma palikuwa na opisthodomos, yaani ukumbi wa nyuma.

Jengo lilisimama juu ya ngazi, aghalabu tatu. Ngazi ya juu kabisa, iliyobeba nguzo, iliitwa stylobates: stylos ni nguzo, na sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha kukanyaga. Kilele cha nguzo kiliitwa epikranon, neno lililotumiwa pia kwa vazi la kichwani. Kiswahili kingeweza kusema kilemba cha nguzo bila ya kutoka nje ya fikra ya Wagiriki wenyewe.

Juu ya nguzo ulilazwa epistylion, yaani kilicho juu ya nguzo. Hapa Kiswahili kina neno mwafaka: mwamba. Mbali na maana ya jabali, mwamba ni mti unaolazwa juu ya nguzo za nyumba ili kuyashikilia makombamoyo ya paa. Kazi ya epistylion ni hiyo hiyo, ila mwamba wa Wagiriki ukawa wa jiwe.

Juu ya mwamba palikuwa na mkanda wa nakshi. Katika mtindo wa Kidoriki, mkanda huo ulikuwa na vibao vya mifereji mitatu, yaani trigilifu, vilivyopishana na metopi, ambazo aghalabu zilichongwa sanamu. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 K.K., alieleza kwamba trigilifu zilitokana na vibao ambavyo maseremala walivipigilia kwenye ncha za boriti ili kuzificha. Si wataalamu wote wa leo wanaoyakubali maelezo hayo kikamilifu. Hata hivyo, yanaafikiana na msamiati wenyewe. Mwisho, pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa iliitwa aetos, yaani tai.

Mitindo mitatu

Nguzo ya Kidoriki haina kitako. Husimama moja kwa moja juu ya ngazi, na kilemba chake ni sahili. Nguzo ya Kiioniki ina kitako, na kilemba chake kina mizingo miwili kama karatasi iliyokunjwa kwa kuviringishwa. Nguzo ya Kikorintho ina kilemba cha majani ya mmea uitwao akantho.

Parthenon ya Athens, iliyojengwa kati ya 447 na 432 K.K. na wasanifu Iktinos na Kallikrates, ni ya Kidoriki kwa sehemu kubwa. Ina nguzo 8 katika kila upande mfupi na 17 katika kila upande mrefu, zile za pembeni zikihesabiwa mara mbili, hivyo jumla ni nguzo 46 za nje. Metopi zake zilikuwa 92. Sakafu inayobeba nguzo haikunyooka: katikati ya pande ndefu imeinuka kwa takriban sentimita 11. Nguzo nazo zimetuna kidogo, hali iitwayo entasis, kutokana na kitenzi cha kukaza, kama upote wa upinde ukazwavyo.

Suala la istilahi

Mifano hii inaonyesha njia tatu. Kwanza, kutumia neno lililopo: nguzo, kitako, mwamba, ukumbi. Pili, kutafsiri maana: kilemba cha nguzo, au mkazo kwa entasis. Ni kweli kwamba mkazo tayari ni istilahi ya fonolojia, lakini neno moja laweza kutumika katika taaluma mbili mradi muktadha uwe wazi. Tatu, kutohoa, hasa majina ya mitindo na mahali, au pale ambapo tafsiri ingekuwa ndefu mno, kama trigilifu na metopi.

Mpangilio wa njia hizi una uzito. Mwanafunzi anayeanza na utohozi hukariri sauti tupu: epistilio haimwambii lolote. Anayeambiwa mwamba huliona jengo, na huelewa kwa nini jiwe lilichongwa kwa umbo la mti.

Hitimisho

Wagiriki hawakusubiri msamiati mpya ndipo wajenge kwa jiwe; walilitwika jiwe maneno ya mti. Kiswahili nacho kina hazina ya fundi na seremala ambayo mara nyingi huachwa nje ya darasa. Waundaji wa istilahi wanapaswa kuipekua hazina hiyo kwanza, kisha ndipo wakope kile kinachokosekana.