Vyeti Vyote Kabla ya Kazi: Nani Alimpa Mwajiri Ruhusa Hiyo?

Msomaji wetu mmoja wa Likoni ametuandikia kuhusu kampuni ya mizigo ya hapa Mombasa iliyotangaza nafasi ya karani wa hesabu. Tangazo lilimtaka kila mwombaji aambatanishe cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi (DCI), cheti cha kodi cha KRA, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB), cha historia ya mikopo (CRB), na fomu ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi (EACC). Asiyekuwa navyo asijisumbue. Dada huyu alikopa kwa shangazi yake, akalipa shilingi 1,050 za cheti cha maadili mema na 2,200 za CRB, mbali na nauli na pesa za saiba. Siku ya mahojiano aliwakuta wenzake wamejaa hadi kwenye ngazi, kila mmoja na bahasha yake. Alipoingia ndani aliulizwa maswali mawili ya hesabu. Yaliyobaki yalikuwa kama ameolewa, na kama ana mpango wa kupata mtoto karibuni. Baadaye akapigiwa simu kwamba nafasi imejazwa. Anauliza: mtu ambaye hata hakuajiriwa ana haki gani mbele ya kampuni?

Anazo, dada, na si chache. Wengi hudhani sheria za kazi zinaanza siku ya kutia sahihi mkataba, na kabla ya hapo mwajiri ni mfalme nyumbani kwake. Sivyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinapokataza ubaguzi, kinamtaja mwajiriwa na kinamtaja pia anayetafuta kuajiriwa. Uajiri wenyewe, yaani namna ya kuwachuja na kuwachagua watu, umo ndani ya kifungu hicho.

Nianze na vyeti, maana barua za aina hii zinatujia kila mara na hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa.

Mwaka 2022 Bunge liliifanyia Sheria ya Ajira marekebisho, kikaongezwa kifungu cha 9A. Kinasema mwajiri asimwitishe mtu vyeti vya uidhinisho isipokuwa kama anakusudia kuingia naye mkataba wa kazi wa maandishi. Mpangilio uliokusudiwa ni rahisi: kwanza uombe kazi kwa barua yako na vyeti vyako vya masomo, uhojiwe, upewe ofa, kisha ndipo uende kutafuta hayo makaratasi ya DCI na wenzake. Ukishindwa kuyapata, mwajiri anaruhusiwa kuiondoa ofa. Hiyo ndiyo nafuu waliyopewa vijana wa nchi hii, wasiendelee kulipia vyeti vya kazi ambazo hawatazipata.

Miaka imepita na matangazo bado ni yale yale. Watu mia tatu wanaagizwa walete vyeti vitano kila mmoja kwa ajili ya nafasi moja. Piga hesabu ya dada wa Likoni, 3,250 kwa vyeti viwili tu, uzidishe mara mia tatu. Ni karibu shilingi milioni moja zilizotoka mifukoni mwa watu wasio na kazi, ili ofisi ya uajiri ipunguziwe kazi ya kuchuja. Maafisa wanaoandika matangazo haya si wajinga. Wengi wamesomea mambo ya uajiri na wanaijua 9A kuliko msomaji yeyote wa safu hii. Wanafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Na hapa sheria yenyewe ina lawama. Neno iliyolitegemea ni "anakusudia". Mwajiri akifikishwa mbele ya afisa wa leba atasema alikusudia kumwajiri yeyote kati ya hao mia tatu, na nani atauona moyo wake? Bunge lingeweza kuandika waziwazi kwamba vyeti visiitishwe kabla ya ofa ya maandishi, na mjadala ungeishia hapo. Pili, kifungu hakina adhabu yake, kwa hiyo tunarudi kwenye adhabu ya jumla ya Sheria ya Ajira: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Kwa kampuni yenye malori hamsini, hiyo ni bei ya mafuta ya asubuhi moja.

Hata hivyo kifungu hicho kina neno jingine ambalo watu hawalitumii. Ruhusa ya kuiondoa ofa inahusu uidhinisho ulio wa lazima. Wa lazima kwa amri ya nani? Mwajiri akikuambia ofa imeondolewa kwa sababu ya CRB, muulize kwa maandishi ni sheria ipi inayoilazimisha kampuni binafsi kudai cheti hicho kwa karani, dereva au mhudumu wa duka. Zipo kazi ambazo uaminifu wa kifedha unadhibitiwa na sheria maalum, na nafasi za umma zina masharti yake chini ya Sura ya Sita ya Katiba. Lakini sera ya kampuni haiwi sheria kwa kuandikwa kwenye tangazo. Fikiria kijana aliyechukua mkopo wa simu, akashindwa kulipa kwa kuwa hana kazi, leo ananyimwa kazi kwa kuwa hakulipa. Atalipaje?

Tahadhari moja kabla hatujasonga. Ukipewa ofa yenye masharti ya vyeti ilhali bado una kazi kwingine, usijiuzulu mpaka vyeti vyote vimekubaliwa na umeandikiwa hivyo. Nimeona watu wakikabidhi barua ya kuacha kazi siku ile ile ya kupata ofa, kisha jina likakwama kwenye cheti kimoja, wakabaki bila kazi ya zamani wala mpya. Ofa isiyo na masharti, uliyoikubali kwa maandishi, ni habari nyingine. Hiyo imekuwa mkataba, na anayeuvunja anaweza kushitakiwa kwa hasara aliyosababisha.

Sasa, kama faini ya 50,000 haimtishi mwajiri, ipo sheria nyingine yenye meno. Makaratasi yale matano ni taarifa zako binafsi, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa shughuli aliyoitaja. Historia ya madeni ya watu mia tatu inahitajika vipi kumpata karani mmoja? Na baada ya nafasi kujazwa, bahasha zile ziko wapi? Una haki ya kuuliza zinatumiwaje, kupewa nakala ya kilichohifadhiwa juu yako, na kutaka kifutwe kisipohitajika tena. Kanuni za 2021 zinaipa kampuni siku 7 kujibu ombi la nakala. Alama na maelezo waliyoyaandika juu yako wakati wa mahojiano ni taarifa zako pia, kwa hiyo ombi hili hufungua mlango ambao Sheria ya Ajira haikuufungua: hakuna kifungu kinachoilazimisha kampuni binafsi kukueleza kwa nini hukuchukuliwa, lakini unaweza kudai kuona walichoandika.

Wakinyamaza, nenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, huhitaji wakili, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hata hicho kidogo mara nyingi kitazidi 50,000.

Turudi kwenye swali la ndoa na mimba. Ujauzito umetajwa kwa jina katika kifungu cha 5, pamoja na dini, kabila, ulemavu na hali ya HIV; hali ya ndoa imetajwa katika Kifungu cha 27 cha Katiba. Kupima HIV kama sharti la kuajiriwa kumekatazwa tangu sheria ya 2006 inayohusu ugonjwa huo. Kikubwa zaidi ni kwamba ukidai umebaguliwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Lakini mahakama haitaanza bila msingi kutoka kwako. Kwa hiyo jioni ile ile ya mahojiano andika: nani aliuliza, maneno gani, saa ngapi, nani mwingine alikuwa chumbani. Wanaume waliohojiwa siku hiyo waliulizwa kuhusu watoto? Ukimpata mmoja wao aliye tayari kusema hakuulizwa, umepata shahidi wako.

Umri haumo katika orodha ya kifungu cha 5, na waajiri wanalijua pengo hilo. Ndiyo maana mnaona "asizidi miaka 28" bila aibu. Lakini Kifungu cha 27 cha Katiba kinautaja umri pia, na kinamfunga mtu binafsi kama kinavyoifunga serikali.

Kuna jambo ambalo dada wa Likoni hakuliandika ila wengine wameliandika: afisa anayekupigia usiku baada ya mahojiano, akikuambia jina lako liko juu ya orodha na mkutane mahali mzungumze. Kila mtu anajua anachotaka. Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, lakini tazama ilivyoandikwa: inamzungumzia mwajiriwa. Kifungu cha 5 kilikumbuka kumtaja anayetafuta kazi. Kifungu kinachofuata kikamsahau, ilhali yeye ndiye dhaifu kuliko wote, hana hata chama cha wafanyakazi cha kumtetea. Nimeshindwa kabisa kuona sababu ya haki ya pengo hilo, na Bunge lililopata nafasi ya kuifungua sheria hii mwaka 2022 lingeliziba kwa maneno mawili.

Mpaka lizibwe, kimbilio ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, kinachomgusa mtu mwenye mamlaka anayemtaka mwingine kimapenzi na kufanya jibu lake kuwa msingi wa kupata kazi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote. Kizingiti chake ni kwamba kitendo kiwe cha kurudiarudia. Mara moja haitoshi, kana kwamba mtu anapaswa kusubiri aombwe tena na tena. Kwa hiyo usifute ujumbe hata mmoja wala rekodi ya simu. Mjibu kwa maandishi kwamba hutaki, ili akirudia iwe wazi alijua hatakiwi, kisha upige ripoti polisi na uchukue nambari ya ripoti hiyo (OB).

Kwako dada wa Likoni, ningeanza hivi. Iandikie kampuni barua ya kuomba nakala ya taarifa zako zote, zikiwemo alama za mahojiano, na utake vyeti vyako virudishwe na nakala zifutwe. Hifadhi tangazo lenyewe na risiti za malipo yote mawili, maana ndizo hasara yako yenye tarakimu. Siku 7 zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Kamishna. Suala la maswali ya mimba lipeleke kwa afisa wa leba hapo Mombasa, bila malipo, na lisipotatuliwa lifike Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi. Una miaka 3 tangu siku ya tukio, ila usiisubiri: yule mwenzako wa kwenye ngazi anayekumbuka alichoulizwa atakuwa amehama na kubadilisha nambari ya simu.